Ukuta au jeneza? Kuchagua sanaa ya uchokozi kwa wanaodai haki Nairobi

Kila Juni ikikaribia, mjadala huu huzuka upya katika vituo vya haki za kijamii vya Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko. Kikundi kimechanga hela kidogo. Kuna vijana, kuna akina mama waliopoteza watoto kwa risasi za polisi, na kuna msanii mmoja au wawili waliojitolea. Wote wanataka kitu kitakachoushtua mji. Mmoja anasema tuchore ukuta. Mwingine anamjibu kwamba ukuta hauendi popote, tubebe majeneza hadi Bunge. Wa tatu anataka picha zitundikwe barabarani watu wajionee. Na hakosekani mzee mmoja anayetaka sanamu ya shaba itakayomzika kila mtu aliye kikaoni.

Njia zote nne zimeshatumika katika mji huu, kwa hiyo hatukisii. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya kikundi chenye pesa na nguvu za kufanya jambo moja vizuri. Msimamo wangu nautoa mapema: msianze kwa kuuliza kipi kitashtua zaidi. Ulizeni kazi hiyo itabaki mikononi mwa nani kesho yake asubuhi, wapiga picha wakishaondoka. Kwa vikundi vingi vya mtaani, swali hilo linaelekeza kwenye ukuta, tena ukuta wa mtaani, si wa katikati ya jiji. Lakini yapo mazingira ambayo jeneza linaushinda ukuta kwa mbali, na yapo ambayo kubeba jeneza ni ukatili.

Kipimo kipo tangu 1992

Uchokozi wa hadharani Nairobi haukuletwa na wafadhili. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi Uhuru Park, kwenye kona ambayo leo kila mtu anaiita Freedom Corner, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya machozi, baadhi ya wale mama walivua nguo. Aliyelelewa huku kwetu haelezwi maana yake. Mwanamke wa rika la mama yako akikuonyesha uchi wake kwa kukusudia, amekulaani. Walifukuzwa pale, wakahamia chini ya kanisa kuu la All Saints, wakaendelea kushinikiza hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mapema 1993.

Hakuna aliyekiita kitendo kile sanaa, na wao wenyewe wangeshangaa. Bado ndicho ninachokitumia kupimia mapendekezo yote ya leo, kwa sababu mbili. Kwanza, kilimlenga askari aliyesimama mbele yao, kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alifundishwa nyumbani kwao. Pili, kiliamuliwa na wenye uchungu. Pendekezo lisilopita mtihani wa pili nalikataa hata likiwa zuri namna gani. Nimeshaona michoro ya kupendeza ya vifo ambavyo familia zilikuja kuiona picha ya mtoto wao kwenye simu ya jirani.

Jeneza

Juni 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walibeba majeneza meusi 49 hadi Bunge. Kila jeneza lilisimamia mwaka mmoja tangu Uhuru, miaka 49 ya wakubwa kukosa bila kuadhibiwa. Miaka kumi na miwili baadaye, Julai 2024, majeneza matupu yalirudi katikati ya jiji. Safari hii hayakusimamia miaka. Yaliwasimamia vijana waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ambao Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliwahesabu wasiopungua 60.

Ukilinganisha matukio hayo mawili utaona jeneza linapopata nguvu. La 2012 lilihitaji kufafanuliwa: kwa nini 49, kwa nini meusi, nani amekufa? La 2024 halikuhitaji msemaji. Jeneza hufanya kazi likiwa na jina la mtu, tarehe na dai moja lisilozungushwa. Makanga aliyening'inia mlangoni mwa matatu analielewa kabla gari halijapita.

Uzuri wake wa pili ni kwamba linatembea. Ukuta humsubiri mtu apite, jeneza humfuata alipo: mlango wa mahakama siku ya kesi, lango la Bunge siku ya kura, ofisi ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi siku faili inapotimiza mwaka bila kusomwa. Halihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Na linamalizika kwa siku moja, jambo ambalo kwa familia yenye hofu ni faida kubwa, kwa sababu hakuna alama inayobaki mlangoni kwao.

Kwa upande wa vitendo, mafundi wa majeneza wanapatikana karibu na mochari ya City, lakini msinunue jeneza la kuzikia. Mwambieni fundi atengeneze boksi la plaiwudi nyembamba lenye umbo la jeneza, vishikio vya kamba, bila misumari inayotokeza, jepesi kiasi cha watu wawili kulibeba ingawa litabebwa na wanne. Gesi ya machozi ikirushwa mtaliangusha, na atakayejikwaa juu yake akikimbia anaweza kuvunjika mguu. Hesabuni pia kwamba halitarudi. Litaishia nyuma ya gari la polisi kama kielelezo, na kama mlilikodi, deni ni lenu.

Udhaifu wake ni kwamba habari za saa moja usiku zikiisha, nalo limeisha. Mara nyingi hata kabla ya hapo mazungumzo yameshahama kutoka kwa marehemu kwenda kwa waliokamatwa. Mfano mkubwa zaidi wa mazungumzo kuhama haukuwa wa jeneza, ulikuwa wa nguruwe. Tarehe 14 Mei 2013, wanaharakati walifungulia nguruwe na vitoto vyake mbele ya Bunge na kumwaga damu, wakiwapinga wabunge waliotaka mshahara wa 851,000 kwa mwezi badala ya 532,000 uliopangwa na Tume ya Mishahara. Picha zilizunguka dunia nzima. Kama kazi ya macho, sijaona ya kuishinda Nairobi. Lakini watetezi wa wanyama nao walipandisha malalamiko, na kwa siku kadhaa watu walibishana kama ni haki kumtumia nguruwe hivyo, huku wabunge wakipumua kidogo. Somo langu kutoka pale ni la kubana matumizi: kila kitu cha ziada unachokiongeza ili kushtua, damu, mnyama, moto, unampa mpinzani wako mada ya pili ya kuzungumzia.

Udhaifu mwingine unasemwa mara chache. Kama mnadai haki ya mtu aliyetekwa nyara na bado hajulikani alipo, msibebe jeneza. Kufikia mwisho wa 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya utekaji tangu maandamano ya Juni, na watu 29 walikuwa hawajapatikana. Wapo kati yao waliorudi wazima Januari 2025. Mama anayeamka usiku kila mbwa akibweka akidhani ni mwanawe, ukimletea jeneza lenye jina la huyo mwana umemzika kabla ya wakati, na umemrahisishia kazi aliyemteka. Kwa waliopotea tumieni kiti kitupu chenye jina, au viatu vyake halisi mama akikubali kuvitoa, au foleni ya watu walioshika picha wakiwa kimya nje ya kituo cha polisi. Kiti kinauliza yuko wapi. Jeneza linajibu.

Ukuta

Mapema 2012, miezi kabla ya yale majeneza, ukuta mmoja katika Mtaa wa Muindi Mbingu, karibu na Soko la Jiji, uliamka umechorwa mheshimiwa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amevaa suti, amekaa raha mustarehe, na kando yake orodha ya maovu ya nchi tangu Uhuru. Wachoraji, miongoni mwao Bankslave, Swift na Uhuru B, walifanya kazi usiku. Watu walisimama na mifuko yao ya sukumawiki wakisoma ile orodha kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Huo ni uchokozi wa ukuta wa mjini: unafanywa kwa siri, unawalenga wapita njia wasiojuana, na maisha yake ni mafupi, kwa sababu ukuta wa katikati ya jiji una kanjo, yaani askari wa kaunti, una mwenye jengo na una kampuni ya matangazo inayoutaka.

Ukuta wa mtaani ni jambo jingine kabisa. Juni 2020, Allan Mwangi, maarufu kama Mr Detail Seven, alimchora George Floyd kwenye ukuta Kibera na kuandika neno moja: HAKI. Kuna waliouliza kwa nini Mmarekani achorwe Kibera. Aliyekuwa Nairobi mwaka ule hakuuliza. Mwisho wa Machi, mvulana wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, polisi wakitekeleza kafyu ya korona, na mapema Juni watu wa Mathare waliandamana dhidi ya mauaji kama hayo. Mchoro ule ulikuwa njia ya kumtaja wa mbali ili jirani naye atajike. Uchokozi wa pembeni namna hii nausifu, hasa pale ambapo kumtaja wa karibu ni hatari.

Hapo ndipo hesabu ngumu ya ukuta ilipo. Msanii akimaliza hupanda matatu akarudi kwake Rongai. Mama wa marehemu anabaki, umbali mfupi kutoka kituo cha polisi walikotoka waliofyatua, na mchoro unaangaliana na mlango wake. Karao, yaani polisi, yuleyule anaupita kila jioni. Kwa familia nyingine hicho ndicho hasa wanachokitaka, aupite, auone kila siku ya Mungu. Familia nyingine haitalala. Hakuna kanuni hapa, ni kuuliza, tena muulize mara mbili kwa siku tofauti, kwa sababu jibu la mbele ya kikao na jibu la jikoni huwa hayafanani.

Jambo la pili ni nini kiandikwe. Andikeni jina la marehemu, umri, tarehe na mahali. Msiandike jina la askari ambaye hajahukumiwa, hata kama mtaa mzima unamjua kwa jina la utani. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa Juni 2016 wakitoka mahakamani Mavoko, maiti zao zikapatikana mtoni. Hukumu ya waliowaua, wengi wao polisi, ilitolewa Julai 2022. Miaka sita. Katika muda kama huo ukuta uliotaja washukiwa ungekuwa zawadi kwa mawakili wao, na mwenye ukuta angekuwa ameshtakiwa kwa kuchafua jina la mtu. Ukuta unaouliza "Nani alifyatua?" haumpi yeyote kesi.

Uso au jina tu? Wasanii wanapenda uso kwa sababu uso ndio unaoonyesha kipaji chao. Lakini Eastleigh, Kiamaiko au Majengo mtakutana na familia za Kiislamu zisizotaka sura ya maiti wao ukutani, na hapo jina lililoandikwa kwa mwandiko mzuri linatosha na pengine linazidi. Mathare wana njia ya tatu: vijana wa harakati za mazingira wamekuwa wakipanda miti kwa majina ya waliouawa. Mti hausomwi na mpita njia kama mchoro, sikatai, ila hakuna OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anayejua amkamate nani kwa kosa la kumwagilia mti.

Hesabu ya rangi, kwa kuwa vikundi hukadiria vibaya sana. Chukua ukuta wa mita 6 kwa 3, yaani mita 18 za mraba. Rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa lita kwenye plasta laini, kwa hiyo kopo la lita 4 linakutosha koti mbili za msingi. Plasta ya chembechembe itakunywa zaidi. Mkebe wa spreyi wa mililita 400 haufiki mbali, mita moja na nusu hadi mbili za mraba kama unajaza kabisa. Anayetaka kuujaza ukuta wote kwa spreyi atahitaji mikebe kama kumi kwa koti moja tu, na ndipo bajeti inapovunjika. Wachoraji wenye uzoefu hujaza kwa rola na rangi ya maji, spreyi wanaibakiza kwa mistari na vivuli. Ukuta wa mabati unataka praima kwanza, la sivyo kutu itachungulia katikati ya paji la uso kabla ya mwaka kuisha. Epukeni pia nyumba zilizo ukingoni mwa mto: Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba nyingi kando ya Mto Mathare, na ukuta haukuulizwa umebeba nini.

Na ukuta huchosha macho. Baada ya miezi kadhaa wakazi hawauoni tena. Vijana wanapigia picha za TikTok mbele yake, na siku moja utakuta tangazo la mganga kutoka Tanga limebandikwa juu ya jina la marehemu, likiahidi kurudisha mpenzi aliyepotea. Jeneza halifikwi na hayo. Dawa yake ni tarehe: kila mwaka siku ya kifo, familia na kikundi wakutane pale, waondoe matangazo, wapake upya herufi zilizofifia. Kikundi kisichoweza kuahidi hilo bora kibebe jeneza.

Picha barabarani

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, Boniface Mwangi alikuwa na maelfu ya picha alizopiga akiwa mwandishi wa habari. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyosimamishwa barabarani, si kwenye jumba la sanaa, yakazunguka miji kadhaa nchini. Picha hushinda ukuta na jeneza katika jambo moja tu, lakini ni zito: zinamziba mdomo anayekana kwamba jambo lilitokea. Kama shida ya mtaa wenu ni watu wanaosema "alikuwa mwizi huyo" au "hakuna aliyeuawa hapa", tundikeni picha. Kama kila mtu tayari anajua na tatizo ni kwamba hakuna anayejali, picha zitawauma waliokwisha umia na kuwaacha wengine walivyo.

Kwa hilo la kuumiza, kuweni wakali. Picha ya mwili isiwekwe mahali ambapo mtoto wa shule anaikuta bila kuchagua. Ifunikwe kwa kitambaa, na maandishi yaseme kilicho nyuma. Kila mtu aliye hai anayetambulika awe ametoa idhini, kwa maandishi. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data binafsi, lakini hata isingekuwepo, aliyepigwa picha akilia hakukubali kuwa maonyesho. Muwe na mtu wa ushauri nasaha hapo hapo, amekaa, anaonekana. Watu huzimia mbele ya picha. Mbele ya michoro sijasikia.

Mnara

Hapa sitakaa sana. Mnara wa kudumu unahitaji ardhi ya umma, na ardhi ya umma ina mwenyewe. Tazameni mifano miwili isiyo mbali. Uhuru Park, karibu na Freedom Corner, kuna mnara wa walioteswa na wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau, uliozinduliwa Septemba 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, wote wawili wametazama kando ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Ni kazi ya heshima. Pia ulilipiwa na serikali ya Uingereza yenyewe, baada ya kukubali mwaka 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mtesaji akilipia mnara, usitarajie mnara umchokoze. Umbali mfupi kutoka hapo, Jumba la Nyayo lina vyumba vya chini walimoteswa watu miaka ya 1980, na ghorofa za juu Wakenya wanapanga foleni ya pasipoti. Mahali penyewe ni pa kuchokoza kuliko sanamu yoyote, na kumpeleka mtu asimame tu pale kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway umwambie kilichokuwa chini ya miguu yake hakugharimu kitu.

Kwa wanaosema mnara haubomoleki: Nguzo ya Aibu ya mchongaji Mdenmaki Jens Galschiøt, yenye urefu wa mita 8, ilisimama Hong Kong kuanzia 1997 kuwakumbuka waandamanaji waliouawa Tiananmen, China, mwaka 1989. Desemba 2021 chuo kikuu kilichoihifadhi kiliing'oa usiku. Zaidi ya miaka ishirini si kidogo, lakini kikundi cha mtaani hakina chuo kikuu cha kukihifadhia mnara hata mwezi mmoja. Ngojeni hadi serikali ikiri kosa. Ikishakiri, daini mnara, na daini kuuchagua nyinyi.

"Si tubaki mtandaoni basi?"

Swali la haki, hasa kwa kijana mwenye simu na kipaji. Kichekesho cha mtandaoni hakihitaji rangi, ploti wala kibali. Lakini asiwepo anayewaambia ni salama zaidi. Kibet Bull, mchora katuni aliyejulikana kwa vivuli vyake vya kumdhihaki rais, alitekwa Desemba 2024, ndugu yake naye akatekwa mwezi huohuo, wakarudi Januari. Ukuta walau una majirani. Mtandaoni uko peke yako na jina lako.

Sheria, kwa kulinganisha

Katiba inawalinda wote: kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina, na cha 37 haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tofauti inakuja kwenye makaratasi. Msafara wa majeneza ni maandamano, kwa hiyo polisi wanapewa taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si ombi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Wakikataa kugonga, pigeni picha mkiikabidhi. Ukuta hauhitaji polisi, unahitaji mwenye ploti, kwa maandishi na sahihi, na jina la mwenye ploti halisi, si la anayekusanya kodi. Bila karatasi hiyo mchoro unageuka kuharibu mali, na hilo ni kosa la jinai. Picha barabarani ni mchanganyiko wa yote mawili, pamoja na kaunti kama mnatumia bustani au njia ya waenda kwa miguu. Kwa njia yoyote, kila mshiriki awe na namba ya wakili imeandikwa kwenye mkono, si kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Ningechagua vipi

Kesi ina tarehe mahakamani na mnataka hakimu na wanahabari wajue mtaa unafuatilia: jeneza moja. Si kumi, moja, lenye jina, na familia mbele yake. Askari ameshaachiliwa, faili limepotea, kila mtu amechoka: ukuta, maana mmeingia katika vita vya miaka na jeneza halina pumzi hiyo. Mtu hajulikani alipo: kiti au viatu, kila wiki siku ileile mahali palepale, hata mkiwa wanne. Mtaa umegawanyika na nusu wanasema marehemu alistahili: picha, tena za maisha yake, daftari lake la shule, jezi yake, kitanda chake, kabla ya picha yoyote ya damu. Familia imekataa kila kitu: hakuna kazi. Tafuteni kesi nyingine, au chora wa mbali kama alivyofanya yule wa Kibera.

Wenye pesa za kuchanganya mawili wafanye ukuta kwanza, jeneza baadaye, kamwe si kinyume chake. Jeneza likitangulia, polisi watajua ni akina nani hasa, na mwenye ploti aliyekuwa ameahidi ukuta atabadili mawazo usiku huohuo.

Na ratiba. Siku ya Haki za Binadamu ni Desemba 10, na kila mwaka kuna kikundi kinachokumbuka Novemba. Mvua za vuli zinakuwa zimeanza tangu Oktoba, na ukuta wenye unyevu hautashika rangi. Kama mwenye ploti atataka upigwe plasta kwanza, na wengi wao watatumia nafasi hiyo kupata plasta ya bure, plasta mpya inahitaji kama wiki nne kukauka. Anayetaka ukuta wa Desemba aanze kunywa chai na mwenye ploti mwezi Agosti.